Lebo Ilivyoonekana Kutoka Singida

Historia ya Bongo Records husimuliwa kama historia ya sikio la mtu mmoja, prodyuza P-Funk Majani, na wanaoisimulia hivyo karibu wote wameitazama wakiwa Dar es Salaam. Mimi nimeishi kwa muziki mjini Singida, kwanza nikiuza kanda, kisha CD, na baadaye nikirekodi vijana wa hapa. Kazi hiyo imenizoeza kuitazama lebo kutoka upande wa dukani, na kutoka huku yanaonekana mambo mawili ambayo masimulizi ya studio huyapita haraka. Kwa jinsi ilivyojenga jina, Bongo Records ilikuwa lebo kamili. Kwa jinsi mali yake ilivyouzwa, ilikuwa nusu lebo, kama zilivyokuwa studio zote za wakati ule. Naamini ni hilo la pili, wala si uhaba wa vipaji, lililoamua nani angenufaika na hip hop ya Kiswahili.

Wapo wanaobisha tangu hatua ya kwanza. Wanasema ile ilikuwa studio tu: msanii analipia kurekodi, anachukua masta yake, anaondoka. Ubishi huo una uzito, kwa sababu ndivyo kazi ilivyokwenda kwa wengi katika miaka ya 1990. Bendi za kizazi kilichotangulia zilirekodi Radio Tanzania, kituo pekee cha Bara kwa miongo kadhaa. Redio binafsi zilipofunguliwa, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, vijana wa rap walihitaji mahali pa kurekodia, wakapapata Don Bosco, Mawingu na kwa Master J. Lakini utazame mfululizo uliotoka kwa Majani: Funga Kazi ya Hard Blasters mwaka 2000, Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay na Nini Chanzo ya Juma Nature mwaka 2001, A.K.A. Mimi ya Mangwea mwaka 2004. Studio ya kukodi haiachi nyuma yake mstari wa albamu zinazotambulikana kwa mlio mmoja namna hiyo. Ngoma zilikuwa nzito, besi ilijaa, na sauti ya mchanaji iliwekwa mbele hata maneno yakasikika kwenye redio kaseti ya bei ndogo na kwenye spika za basi la Mwanza. Kwa msikilizaji wa mkoani, ambaye hakuhudhuria maonyesho wala kumwona msanii, kusikia neno kwa neno kulikuwa ndiko kumjua msanii. Ndiyo maana dukani watu waliulizia kanda ya Majani hata kabla ya kumjua aliyechana. Mteja anayenunua kwa kuliamini jina la mtengenezaji ameshaitambua lebo, iwe na mikataba au isiwe nayo.

Shida ilianzia pale masta ilipotoka studio. Aliyedurufu kanda, akachapisha majalada na kuzipakia kwenye mabasi ya mikoani alikuwa msambazaji wa Kariakoo. Msanii alilipwa fedha ya mkupuo, au aliahidiwa kiasi kwa kila kanda, huku idadi ya kanda ikijulikana kwa msambazaji peke yake. Sisi wauzaji wa mikoani tulikuwa na daftari za mauzo, ila hakuna aliyezihitaji. Fedha yetu ilirudi Kariakoo bila taarifa ya albamu ipi imeuzwa wapi. Siwezi kumbeza msambazaji, kwa kuwa bila mtaji wake hakuna kanda ambayo ingefika Manyoni au Kiomboi, na hasara ya albamu isiyouzika ilikuwa yake. Hata hivyo anayebeba hasara hana sababu ya kuficha hesabu. Lebo isiyojua imeuza ngapi Singida na ngapi Mbeya haiwezi kupanga ziara, haiwezi kukopesheka benki, wala haiwezi kumwambia msanii wake ukweli kuhusu thamani yake.

Wengi husema kilichoua biashara ni kanda feki. Zilikuwepo, na zilituumiza. Ila zilistawi palepale pengo la hesabu lilipokuwa: mzigo halali ulichelewa, mahitaji yakawa makubwa, na mwenye mashine ya kudurufia akajaza nafasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, kwa hiyo miaka hiyo ya dhahabu haikukosa sheria. Lakini ukienda kudai fidia utaulizwa hasara yako ni kiasi gani, na mtu ambaye hajui mauzo yake halali atathibitishaje yale ya wizi?

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni hili: hakuna lebo changa inayomiliki usambazaji wake, mahali popote. Def Jam ilianza New York mwaka 1984, na mwaka uliofuata tayari ilikuwa imeingia mkataba wa kusambaziwa na Columbia. Ni kweli. Tofauti ni kwamba kule msambazaji alifungwa na mkataba na taarifa za mauzo, na huku alifungwa na uaminifu wake mwenyewe. Kundi la Tamaduni Muzik, lililowakusanya akina Nikki Mbishi na One the Incredible kwa prodyuza Duke, baadaye lilijaribu njia nyingine ya kuuza kazi mkono kwa mkono. Wasikilizaji walikuwa wachache zaidi, lakini msanii alijua kila nakala imekwenda kwa nani. Leo simu inahesabu kila wimbo unaosikilizwa, na kijana ninayemrekodi hapa anaiona idadi hiyo siku hiyohiyo. Albamu za kati ya 2000 na 2004 nazo zimeingia kwenye mitandao hiyo na bado zinasikilizwa. Mangwea alifariki Afrika Kusini Mei 2013. Malipo ya nyimbo za kizazi chake, kwa walio hai na kwa warithi, yanategemea karatasi zilizoandikwa enzi ya kanda, pale zilipoandikwa.