Fuata Maji Mpaka Kikombeni

Kazi yangu ni kupima maji ya kunywa, na jambo moja nalisema kila ninaposimama mbele ya wananchi: maji kuwa salama bombani hakutoshi. Hapa Kasense, Ufipa, nachukua sampuli kwenye chanzo, bombani, na ndani ya chombo ambacho familia inachotea maji ya kunywa.

Napitisha mililita 100 kwenye chujio lenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Chujio naliweka juu ya chakula chao chenye rangi nyekundu, kisha nalifungia kwenye joto la nyuzi 44. Kesho yake, bakteria wa kinyesi kama wapo, wameshaota vidoa vya njano. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa kinyesi aitwaye E. koli asionekane hata mmoja.

Bakteria wenyewe hawakosekani majini. Chemchemi ina wa udongoni. Bombani wanastawi wanaong'ang'ania kuta. Wengi wao hawamdhuru mtu. Hatari ni wanaoingizwa na mikono michafu au kata iliyolazwa sakafuni. E. koli anaishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Ukimkuta majini, kinyesi kimefika, na kipindupindu au homa ya matumbo inaweza kufuata njia ileile.

Nyumba moja bomba lilikuwa safi, dumu likaota vidoa.

"Mama, hebu pitisha kidole humu ndani."

"Kunateleza. Lakini mwanangu, mbona nalisuuza kila siku?"

Alisema kweli, ila kusuuza hakuondoi utelezi. Ule ni umati wa bakteria walioshikamana na kujifunika ute, na hata klorini huwapata kwa shida. Dawa yake ni kusugua kwa brashi na sabuni. Dumu lenye mdomo mwembamba tunalitia kokoto safi na maji ya sabuni, tunalitikisa kwa nguvu, kisha tunalisuuza.

Kuchemsha kunafaa. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, na joto hilo linaua vimelea. Lakini maji yaliyochemshwa hayana kinga: ukiyarudisha kwenye dumu lenye utelezi, kuni zako zimeteketea bure. Klorini huacha kinga ndani ya maji, ila baridi yetu ya Ufipa huipunguzia kasi ya kuua vimelea, kwa hiyo baada ya kutia dawa usiharakishe kunywa. Dakika 30 ni za chini kabisa.

Ndiyo maana naziomba jumuiya za watumia maji na wanaopanga miradi: ndoo yenye mfuniko na koki, sabuni, brashi na vipimo vya majumbani viingie kwenye hesabu ya mradi pamoja na mabomba. Mtoto haugui kwa maji ya kwenye chanzo. Anaugua kwa aliyokunywa.