Anakuzuga au Anakupotezea?

Kama umewahi kutafsiri makala za mapenzi kutoka Kiingereza, hiki kitenzi utakuwa umeshakutana nacho: "distract". Kipo kila ukurasa. Mtoto akilia inabidi awe distracted, simu mezani inawa-distract wapenzi, mwanaume akibanwa maswali ana-distract. Mjini tumeshakivalisha viambishi vyetu, utasikia dada kwenye daladala, "Usini-distract bwana, napiga hesabu." Mwandishi wangu akiniletea hivyo, nachukua kalamu nyekundu. Sio kwamba najifanya mlinzi wa lugha, ila neno moja limebeba mambo kumi, na ndani ya nyumba hayo mambo kumi hayafanani hata kidogo.

Asili yake ni Kilatini, kuvuta kitu huku na huku mpaka kiachane. Ndiyo maana enzi za Shakespeare mtu aliyeitwa "distracted" angeweza kuwa amerukwa na akili kabisa. Ndugu yake ni "divert", naye wa Kilatini, ila huyu anageuza tu upande: anageuza mto, anageuza magari, na tena anaburudisha, kama Wafaransa wanavyosema "divertir" wakimaanisha kuchangamsha watu.

Sasa rudi kwetu. Kamusi itakupa "kukengeusha". Halina kosa, lakini niambie ni mke gani amewahi kumwambia mumewe, "Unanikengeusha"? Hilo tuwaachie magazeti na mahubiri. "Kuvuruga" ni la kelele za jirani, anayepiga muziki wala hana habari na wewe. "Kuzubaisha" ni la nesi anayemwonyesha mtoto ndege dirishani huku sindano inaingia pajani. Mtoto atalia baadaye, lakini kazi imeshaisha.

Halafu kuna kuzuga, na hapa ndipo penye utamu. Pale Kariakoo mmoja anakugonga bega na kukuomba radhi kwa heshima zote, mwenzake anaondoka na simu yako. Yule wa radhi ndiye mzugaji. Mpiga penalti anazuga anapeleka kulia, kipa anaruka, mpira unalala kushoto. Kuzuga kuna ufundi. Mtu amekaa, amekufikiria, amekutungia.

Kupotezea ni kitu kingine kabisa. Anayekupotezea hajatunga lolote. Umemwuliza swali, ameliacha lipite kama gari la mtaa wa pili. Wasomaji wengi wananiandikia, "Nikimwuliza kuhusu kwenda kwetu kujitambulisha, anabadilisha mada." Nawauliza, anabadilishaje? Kama anakuletea hadithi ndefu ya safari ya kikazi, huyo anakuzuga, maana yake swali limemfikia na anaogopa jibu lako. Kama anasema "tutaona" huku macho yako kwenye simu, shosti, huyo amekupotezea. Mi nasema bora wa kwanza. Najua kuna watakaonipinga, na waje.

Na neno lililokaa karibu kabisa na "divert" tumelipeleka wapi? Kuchepuka! Mafundi barabara wana barabara ya mchepuko, ile unayopitishwa njia kuu ikiwa inajengwa. Shuleni kuna mchepuo wa sayansi na mchepuo wa sanaa. Miaka ya 2010 Tanzania nzima ikawa inaambiana kwamba michepuko sio dili, abaki kila mtu njia kuu, na tangu hapo ukisema mchepuko mbele za watu hakuna anayefikiria lami. Wenzetu Kenya wao wana mpango wa kando, na mwaka 2013 tangazo lao la televisheni la kondomu, lililomwonyesha mke wa mtu mwenye mpango wake, liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulalamika. Ninachopenda kwenye mchepuko ni kwamba neno lenyewe linakiri njia kuu ipo. Mhandisi anakuchepusha kwa muda tu. Wa mapenzi, mmh, huyo huwa anajenga kabisa.

Lakini kugeuza mawazo ya mtu si dhambi siku zote. Umeshaenda msibani kwenye watani? Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, leo ni watani, na msiba wa mmoja ni uwanja wa mwingine. Mtani anaingia watu wamekaa kimya kwenye jamvi, anaanza kumwigiza marehemu, anavyotembea, anavyodai chenji. Mjane aliyekuwa amejikunja pembeni anacheka bila kupenda. Pale hajazugwa, kwa sababu anajua fika kinachofanyika. Hajapotezewa, maana ni yeye hasa wanayemwangalia. Tunasema amechangamshwa, na sina neno la Kiingereza la kuweka hapo.

Tofauti hizi kwangu zilikuja kuwa za maana mwaka 2021. Kampuni aliyokuwa anafanyia kazi mume wangu ilipunguza watu, naye akiwemo. Tulikuwa tunalipia kiwanja Kibaha kwa awamu, na mlipaji ni yeye. Kila nikiuliza awamu ya mwezi, naletewa mpira. Yeye Yanga damu, na Simba walikuwa wamechukua ubingwa mara nne mfululizo, basi malalamiko hayaishi: kocha, usajili, waamuzi. Kwa miezi mitatu nilijifunza ligi kuu kuliko mtangazaji wa redio. Kiwanja, kimya.

Usiku mmoja nikaweka sahani chini nikamwambia, "Baba, mimi unanizuga."

Akakaa. Halafu akasema taratibu, "Mama, wewe sikuzugi. Najizuga mwenyewe."

Hako ka "ji" kalinikalisha chini. Muda wote nilijiona mimi ndiye kipa anayerushwa upande usio wake, kumbe mpigaji na kipa ni mtu mmoja, na mpira umelala wavuni zamani. Hasira niliyokuwa nimeiandaa ilikosa mtu wa kumpelekea. Nikamwuliza, sasa sio kwa kubana, awamu ngapi hazijalipwa. Akasema tatu. Akaenda kutoa karatasi juu ya kabati, nyuma ya sanduku, na barua mbili za muuzaji bado zimefungwa.

Tulizifungua tukiwa wote. Muuzaji alikuwa ametupa mpaka Desemba. Tulihesabu mpaka saa saba usiku, na wiki iliyofuata tukaenda kumwomba atugawie nusu ya eneo kwa hela tuliyokwisha kulipa. Akakubali, kwa kunung'unika. Nusu hiyo tunayo hadi leo, ina migomba na choo.

Mpira bado tunauzungumza, tena sana, Yanga waliporudisha ubingwa mwaka 2022 nilishangilia kuliko yeye. Ila akianza kumlaumu mwamuzi katikati ya maongezi ya ada za watoto, namwuliza tu, "Hapo unanichangamsha au unajizuga?" Na huwa ananijibu.