Nunda, Bunduki na Jicho la Mama

Jioni moja ya likizo, katika kijiji kimoja cha pwani, bibi alikuwa akiwasimulia wajukuu zake hadithi ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu. Alipofika mahali ambapo watu wanaliwa mmoja baada ya mwingine, mjukuu mmoja, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetoka Nairobi, alimkatiza. "Lakini bibi, siku hizi nani ahangaike hivyo? Askari mmoja mwenye bunduki ya G3 angemmaliza huyo paka kabla ya chai." Wenziwe wakaangua kicheko. Bibi hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Ngoja, mjukuu wangu. Hadithi haijafika mwisho."

Swali la kijana huyo si la kupuuzwa. Iwapo silaha za kisasa zinatosha kuangamiza kila zimwi, basi shujaa mwindaji amepoteza kazi, na ngano iliyomlea imebaki kichekesho cha watoto. Wapo hata vyuoni wanaoamini hivyo kimoyomoyo, ila hawathubutu kulitamka.

Ngano yenyewe ina jibu. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 miongoni mwa hadithi alizozikusanya Unguja. Paka wa Sultani anamla ndama. Sultani anapoarifiwa, anajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake pia. Paka anaendelea na mbuzi, ng'ombe, punda na ngamia, kisha binadamu, na jibu la Sultani halibadiliki. Siku wanawe watatu wanapouawa ndipo anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni Nunda. Mwanawe mdogo, aliyedharauliwa na kila mtu, anaondoka kwenda kumsaka.

Ajabu ni kwamba kijana huyo na watumwa wake wanamwua Nunda kwa bunduki. Msimulizi wa Unguja wa karne ya 19 aliijua silaha hiyo, akaitia katika ngano yake bila wasiwasi, na ngano haikuvunjika. Kwa hivyo, anayedhani bunduki ingeifuta hadithi amechelewa: bunduki ilikuwamo humo tangu zamani.

Basi kazi ya shujaa ilikuwa ipi? Ilikuwa kumtambua adui. Kijana aliua mbwa, akamkokota hadi nyumbani akijisifu kuwa amemwua Nunda. Mama yake akamwambia siye. Akaua wengine, wakiwamo punda milia, twiga, faru na hata ndovu. Kila mara mama alimkanusha. Alikuwa na ujasiri na silaha, ila hakuwa na ujuzi. Ni pale tu alipozizingatia alama alizofunzwa, yaani masikio madogo, umbo pana lisilo refu, mabaka mawili kama ya ngawa, na mkia mnene, ndipo alipompata mnyama aliyestahili risasi. Msomaji na ajiulize: punda milia yule alikuwa amemla nani? Kadiri silaha inavyozidi nguvu ndivyo kosa la kutotambua linavyozidi gharama, na ndivyo jicho la mama linavyozidi kuhitajika.

Utendi na visasili vya Fumo Liongo vinathibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Mwili wa Liongo haukudhuriwa na chuma cha aina yoyote. Maadui wake hawakufua upanga mkali zaidi; walitafuta siri yake kupitia kwa mwanawe, na sindano ya shaba ikapenya kitovuni. Sindano ni silaha duni kuliko zote. Kilichoua ni maarifa, tena maarifa yaliyopatikana kwa usaliti.

Atakayesema kwamba hizo ni ngano tu na autazame mwaka 1898. Mwezi Machi, John Henry Patterson aliwasili Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la reli. Simba wawili wakawa wanawanyakua wafanyakazi kutoka mahemani usiku, na baadhi ya waliosalia wakaamini kuwa hao si simba bali mashetani. Bunduki hazikukosekana. Usiku mmoja simba aliingia mtegoni, huku askari wenye bunduki wakiwa nyuma ya vyuma, hatua chache tu kutoka kwake. Walifyatua risasi ovyo kwa kiwewe, na simba akatoroka. Wa kwanza aliuawa tarehe 9 Disemba na wa pili tarehe 29, baada ya mikesha mingi ya kungoja, mingine juu ya ulingo. Isitoshe, zimwi liliendelea kukua hata baada ya simba kufa: Patterson alikuja kudai kuwa watu 135 waliliwa, ilhali watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kuwa ni kama 35. Risasi iliua simba. Hofu ikabaki katika masimulizi.

Haifai kukana kwamba silaha bora ni neema kwa mwindaji. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayempa mwanawe fimbo akapambane na simba. Hata hivyo, silaha haichagui shabaha. Tena, wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Ngano haisemi popote kwamba Sultani alipungukiwa silaha. Alipungukiwa utashi wa kumwita Nunda kwa jina lake alipokuwa angali paka, anayekula mali na watu wa wengine. Jamii yoyote ambamo mwenye nguvu anamfuga Nunda itamhitaji mwindaji, hata ghala zake zikijaa bunduki, kwa sababu hatua ya kwanza ya uwindaji ni kukataa jibu la Sultani.

Bibi alipomaliza, wajukuu wengine waliinuka kwenda kula. Yule wa kidato cha pili alibaki mkekani, akichora mchangani kwa kidole.

"Bibi," aliuliza hatimaye, "wale waliopeleka habari za ndama kwa Sultani, walipojibiwa vile, walisema nini?"

"Walinyamaza, mjukuu wangu," bibi akajibu. "Wakarudi makwao wakafunga milango."