Riwaya Zinazofikirisha

Vijana hutujia mara kwa mara wakitaka tuwatajie riwaya za falsafa zifaazo kusomwa. Baadhi yao hutazamia kutajiwa vitabu vya Ulaya, kana kwamba fikira nzito haziwezi kukaa katika Kiswahili. Hao huwapa kwanza Kusadikika.

Kitabu hicho cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ingali chini ya utawala wa Waingereza. Nchi ya Kusadikika yaelea hewani, na raia wake Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya kuifaa nchi, nao waliporudi wakalipwa kifungo. Tulipokisoma shuleni tulikariri majina ya wajumbe tu, kwa kuwa mtihani uliyataka. Tulikuwa watu wazima, tena tumekwisha kuketi katika vikao vingi, tulipolitambua swali lililomo: kwa nini jamii humwogopa mtu aliyekwenda kuitafutia heri? Yule waziri Majivuno hatumwoni tena kuwa kichekesho. Tumekaa naye meza moja. Na pengine, siku nyingine, kiti chake tulikikalia sisi.

Kufikirika, kilichochapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki, ni ndugu yake Kusadikika, na atakayekipenda kimoja atakipenda cha pili. Utubora Mkulima nacho chasomeka vizuri, ila Utubora ni mwema mno. Hatujapata kumwamini sawasawa.

Kitabu tulichosita kukitoa ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, hana tena imani ya wazazi wake wala hana nyingine ya kushika mahali pake, na mwisho anajiua. Wahakiki wengi wamemwita mwandishi huyu mtu wa kukata tamaa. Miaka mingi iliyopita mpwa wetu, aliyekuwa amefiwa na baba yake, alituomba kitabu hicho. Tulimwambia kimeazimwa, nacho kilikuwa ndani ya sanduku, chini ya nguo. Tulijisemea kuwa twamhurumia. Kwa kweli tulikuwa tukijiogopa wenyewe, maana hatukuwa na jibu la kumpa endapo angerudi kutuuliza kama maisha yana maana.

Alikipata kwingine. Alipokuja hakutulaumu, alisema tu, "Mjomba, nilidhani ni mimi peke yangu niwazaye hivi." Tukaketi barazani hadi usiku mkubwa tukimzungumza marehemu shemeji yetu, ambaye jina lake lilikuwa halijatajwa nyumbani tangu matanga kuanuliwa. Hatukumpa jibu, naye hakulidai. Tangu siku hiyo hatukifichi kitabu hicho. Lakini kwa kijana mwenye msiba twaweka sharti moja: akikimaliza sharti arudi, tuketi naye.

Nagona cha mwaka 1990 na Mzingile cha mwaka 1991, vya Kezilahabi huyo huyo, ni vyembamba, na wembamba wao huwadanganya wasomaji. Humo hamna kisa cha kufuatwa toka mwanzo hadi mwisho. Kuna safari, kuna ndoto, kuna kuitafuta kweli ambayo kila ikikaribiwa hukimbia. Sisi tulikitupa Nagona mara mbili. Mara ya tatu tulikisoma kwa sauti, kama tusomavyo utenzi, na hapo ndipo kilipotufungukia. Msomaji aliyezoea hadithi za kale za wazee wetu ataingia humo kwa urahisi kuliko yule aliyezoea riwaya za kawaida tu, jambo ambalo baadhi ya walimu hawakubaliani nasi.

Twaongeza pia Ziraili na Zirani cha William Mkufya, cha mwaka 1999, kwa wale wasiochelea kuona mambo ya imani yakijadiliwa ndani ya riwaya. Chataka msomaji mwenye subira, na afadhali asianze nacho.

Ama nakala yetu ya Mzingile, ameichukua mpwa wetu, ambaye sasa ni baba wa watoto. Kila tukimwuliza hutujibu kwamba bado hajaimaliza.