Nani Aliwahesabu?

Wiki ya tatu ya TP, kwenye shule moja ya kata mkoani Morogoro, nilisimama mbele ya Kidato cha Pili nikiwa na chaki, andalio la somo lililosainiwa, na uhakika wa mtu aliyesoma kitu saa tano za usiku kwenye simu. Mada ilikuwa Vita vya Maji Maji. Nikaandika ubaoni: 1905–1907, waliokufa 300,000.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Sir, mbona kitabu kinasema 75,000?"

Kabla sijajipanga, kijana wa nyuma yake akadakia, kwa Kiswahili kabisa wakati kipindi ni cha Kiingereza: "Kwani nani aliwahesabu?"

Nikajibu kwamba nimeitoa Wikipedia. Darasa likacheka. Hata wao walishaambiwa kuwa kule kila mtu anaandika anachotaka. Nikasema tutalirudia swali hilo kesho, ile kesho ya walimu ambayo wote tunaijua.

Tukubaliane kwamba hapa chuoni tunaishi na unafiki. Mhadhiri anakataza kuiweka Wikipedia kwenye marejeo, tunaitikia kwa vichwa, na usiku huohuo asaimenti zote zinaanzia hapohapo. Tunasoma aya ya kwanza, tunageuza maneno mawili matatu, tunashuka chini kuchukua majina ya vitabu ambavyo hatujawahi kuvishika. Kwa kuwa imekatazwa kutajwa, hakuna anayetufundisha namna ya kuisoma. Miaka mitatu nimesomea ualimu na sijawahi kufundishwa nitazame nini kwenye makala ile ili nijue kama inafaa.

Jioni ile nikanunua bando nikaifungua tena, safari hii taratibu. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Makala haikusema 300,000. Ilisema ni makadirio, kati ya 250,000 na 300,000, na mwisho wa sentensi palikuwa na kile kinamba kidogo cha tanbihi ambacho macho yangu yamezoea kukiruka. Mimi ndiye niliyechukua namba kubwa kwa sababu inapendeza ubaoni.

Rafiki yangu aliyebaki chuoni akanipigia picha kurasa kadhaa za kitabu cha John Iliffe cha 1979 kuhusu historia ya Tanganyika. Nilisoma mpaka simu ikazima. Ile 75,000 ya kitabu cha darasani ni makadirio ya serikali ya Kijerumani yenyewe, yaani ya upande ulioua. Ile kubwa ni ya mwanahistoria wetu Gwassa. Tofauti yake kubwa ni njaa. Jeshi la Gavana von Götzen lilichoma mashamba na maghala, na wengi walikufa baadaye, majumbani na porini, bila kuguswa na risasi. Jibu la swali la yule kijana lilikuwa kwamba hakuna aliyewahesabu.

Kuna jambo jingine lililonikaa zaidi. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo cha Dar es Salaam iliwapeleka wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vile. Wanafunzi, jamani. Watu wa umri wetu, na daftari, kabla wazee hawajaisha.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ambayo wenzangu wa chumbani wanaiona ya kizee. Nikifungua makala naanzia chini, kwenye tanbihi. Nabonyeza mbili tatu nione kama zinafunguka, na kama zinasema kile kinachodaiwa. Blogu iliyonakili Wikipedia haiwezi kugeuka ushahidi wa Wikipedia, na hilo hutokea kuliko unavyodhani. Kisha naenda kwenye kichupo cha historia nione nani amegusa nini na lini, halafu kwenye majadiliano, ambako mara nyingi watu wanagombana juu ya jambo lilelile lililonitia shaka.

Urefu nimeacha kuuamini. Wikipedia ya Kiswahili imejaa makala za kata, sentensi mbili tatu tu: kata iko wilaya fulani, mwaka 2012 ilikuwa na wakazi kadhaa, basi. Tunazicheka. Lakini kile kijisentensi kina sensa nyuma yake, na udhaifu wake unauona waziwazi: sensa ya 2022 imeshapita. Upande wa pili, Wikipedia ya Kiskoti ilikuwa na makala maelfu, na mwaka 2020 ikagundulika kuwa sehemu kubwa iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti. Kwa miaka mingi kwa nje ilionekana imejaa. Nikisoma makala ya Kiswahili yenye harufu ya mashine ya kutafsiri, huwa namkumbuka.

Nikajaribu na kuandika. Kwenye makala ya kata ya nyumbani kwetu, Ruvuma, niliongeza sentensi kuhusu kisima ambacho bibi huniambia watu walijificha karibu nacho wakati wa njaa ile. Siku ya pili haikuwepo. Sababu iliyoandikwa: hakuna chanzo. Nilikasirika kweli. Bibi si chanzo? Lakini nilipotulia nikaona kwamba mimi mwenyewe, kama ningekuta sentensi ile kwenye kata ya mtu mwingine, nisingeipeleka darasani. Wale wanafunzi wa 1968 nao walisikiliza mabibi na mababu. Tofauti ni kwamba waliandika nani kasema, wapi, siku gani. Bado sijaridhika na sheria hiyo, maana vijiji vingi havikupata mwanafunzi wa kuviandikia. Ila likizo hii nakwenda kwa bibi na daftari, na nitaweka tarehe.

Darasani nilirudi siku nne baadaye. Nikafuta jeuri yangu, nikaandika namba zote mbili, na mbele ya kila moja nikaandika nani alikadiria na alihesabu vifo gani. Nikawaeleza kuhusu maghala yaliyochomwa. Darasa lilitulia kuliko siku zote za TP yangu, na msimamizi wangu, ambaye kwa bahati alikuwa amekaa nyuma siku hiyo, alikuwa anaandika kitu kwenye fomu yake.

Yule kijana akanyoosha mkono. Nikajua nimeshinda.

"Sir, kwa hiyo kwenye mtihani tuandike ipi?"