Jina limefutwa, faili lipo

Nimeahirisha kuandika jambo hili kwa kuogopa mtaniambia nimeacha uandishi wa habari nimekuwa fundi kompyuta. Haya, leo liwalo na liwe.

Unapofuta faili kwenye kompyuta yenye Linux, unafuta nini hasa? Unafuta jina. Faili lenyewe ni habari nyingine.

Twende taratibu. Ndani ya mfumo endeshi kuna kiini, wenyewe wanakiita kerneli. Programu yoyote, iwe ya kupiga muziki au ya kuandikia barua, haiendi yenyewe kwenye diski. Inaomba: nifungulie faili fulani. Kerneli inakagua ruhusa, inafungua, kisha badala ya kuikabidhi faili inaikabidhi namba. Ndogo tu: 3, 4, 5. Kuanzia hapo programu haitaji jina tena, inasema tu nisomee namba 3. Namba hizo ndizo deskripta za faili.

Umewahi kuacha begi mlangoni mwa supamaketi ukapewa kibao chenye namba? Ni hivyo hivyo. Kibao namba 3 cha duka hili hakihusiani na namba 3 ya duka la jirani, na kila programu ina orodha yake. Kerneli hutoa kila mara namba ya chini kabisa iliyo wazi, kwa hiyo kibao kilichorudishwa hakikawii kupata mtu mwingine. (Namba 0, 1 na 2 kwa kawaida zina wenyewe tangu mwanzo: ya kupokea, ya kutoa, na ya kulalamikia makosa.) Vibao navyo vina kikomo, mara nyingi 1024 kwa programu moja. Programu isiyorudisha vibao hufika mahali ikakataliwa kufungua hata faili moja zaidi.

Utamu uko nyuma ya kaunta. Kerneli ina daftari la mafaili yote yaliyofunguliwa, na humo imeandikwa kila usomaji umefika wapi. Chini kabisa kuna kumbukumbu ya faili lenyewe kwenye diski, inaitwa inodi. Inodi haina jina! Jina linakaa kwenye folda, kazi yake ni kuelekeza tu. Kerneli inahesabu vitu viwili: majina mangapi yanaelekeza kwenye faili hili, na wangapi bado wamelishika wazi. Hesabu zote mbili zikifika sifuri ndipo nafasi ya faili inaachiwa. Moja ikibaki, faili lipo, hata kama kwenye folda hulioni.

Si mambo mapya haya. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, waliyaeleza mwaka 1974 katika makala yao kuhusu Unix. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 alifuata njia hiyo, na kwa kuwa Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, huenda unayo mfukoni sasa hivi.

Sasa mimi yananihusu nini? Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi mzee mmoja, mstaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977. Dakika 47. Alizungumzia mafao yake, kisha akaanza kuwataja wenzake waliokufa wakisubiri ya kwao, mmoja mmoja, kwa majina. Wiki tatu baadaye naye akafariki.

Nilikuwa naandika maneno yake, nimesimamisha sauti kwenye dakika ya 31, nikaitwa mkutanoni. Kurudi, folda nzima ya sauti haipo. Mwenzetu mmoja aliona diski imejaa, akasafisha kwa amri moja, bila hata kupitia kapu la taka. Kinasa sauti ni cha ofisi nzima, kilishafutwa siku nyingi.

Yeye bado analalamika: "Nimefuta kila kitu, mbona nafasi haijatimia?" Karibu nusu gigabaiti ilikuwa haijarudi. Kijana wa mitambo, aliyekuja kwa shughuli ya printa, ndiye aliyeshtuka.

"Dada, ile programu ya kusikilizia umeifunga?"

Sijaifunga.

"Usiiguse. Na mtu yeyote asizime hii mashine."

Akaingia kwenye /proc, folda ambayo kwenye diski haipo kabisa. Ni kerneli inajieleza yenyewe. Humo kila programu inayofanya kazi ina folda yake, na ndani yake kuna nyingine iitwayo fd, yenye vibao vyote ilivyopewa. Mstari mmoja ulikuwa na jina la faili langu, na kando yake maelezo kwamba limefutwa. Akanakili kutoka kwenye kibao hicho kwenda kwenye fleshi. Nikasikiliza mwanzo hadi mwisho: mzee anakohoa, anaomba maji, anaendelea na majina.

Rekodi nne za wenzangu hazikuwa zimeshikwa na programu yoyote. Hizo zilikwenda kweli, na mmoja wao hakuzungumza na mtu hadi jioni.

Nakala ya dakika 47 nilimpelekea binti wa marehemu. Programu nayo niliifunga siku ileile, nusu gigabaiti ikarudi kwenye diski, na aliyekuwa akilalamika akanyamaza.