Muganga yupi, kwa ugonjwa gani?



Mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, huyo psikologi wanayemsema, anapiga sindano?" Wengine walicheka. Mimi niliona ni swali bora kuliko yote ya siku ile. Huku Idjwi neno muganga linabeba watu wengi: daktari, muuguzi, hata kijana mwenye kuuza vidonge sokoni. Mtu akichanganyikiwa tunasema tu "apelekwe kwa muganga", na nauli ya boti inaisha kabla hatujafika kwa anayehusika.

Psikologi hapigi sindano, wala haandiki dawa. Anasikiliza, anauliza, anamsaidia mtu kupanga tena mawazo. Anamfaa mama aliyefiwa ambaye usingizi umemkimbia, au mtoto aliyeacha kuongea baada ya kuona vita. Si kazi ya siku moja, kwa hiyo mtu ahesabu safari za kurudi. Katika hospitali ya Panzi, ambayo daktari Denis Mukwege aliianzisha Bukavu mwaka 1999, mwanamke aliyebakwa hatibiwi mwili peke yake. Wako psikologi, na wako wamama wanaokaa naye. Vijijini tunakutana zaidi na wasaidizi tunaowaita APS. Wanajua kusikiliza na kuelekeza, na wengi ni watu wazuri sana, lakini APS si psikologi, na aliye mkweli atakuambia hivyo mwenyewe.

Psikiatri ni daktari aliyesomea magonjwa ya akili, na yeye anaandika dawa. Anayesikia sauti, anayetoka mbio usiku, anayesema atajiua, mama aliyejifungua juzi na sasa anasema mtoto huyu si wake: hao hawangojei juma lipite. Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili inayoangaliwa na watawa wa Frères de la Charité. Wengine wanaona haya kuonekana pale mlangoni. Haya hiyo imewachelewesha wengi.

Lakini mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha karibu. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina programu ya kufundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kutambua magonjwa haya. Muuguzi akishindwa, anaandika karatasi ya kukutuma Monvu au Bukavu. Ukienda na karatasi hiyo, hauzunguki mji ukiuliza.

Kuhusu kifafa nitasema zaidi, kwani ndicho ninachokiona darasani. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akianguka mara mbili, tatu kwa juma. Wenzake walikimbia povu, wakisema linaambukiza. Haliambukizi! Bibi yake alitaka mfumu, shangazi alitaka chumba cha maombi, baba alinyamaza. Mama yake aliuza mananasi yaliyokuwa ya karo, akampeleka kituoni, akapewa vidonge vya kila siku. Tangu Noeli ameanguka mara mbili, na mara moja ni kwa sababu vidonge viliisha nyumbani. Dawa hiyo haikatwi ghafla, hata mtoto akionekana mzima. Bibi bado hakubali, lakini ndiye anayemkumbusha kumeza.

Mimi pia ninaomba Mungu. Mchungaji anayeomba nawe na kukuacha uende hospitali, mshukuru. Anayekuambia utupe vidonge, au anayemfunga mgonjwa kamba, mwondokee.

Ukifika mbele ya yeyote kati yao usiogope kuuliza: ulisomea nini? Tutazungumza tu ama utatoa dawa? Nirudi lini, na kwa bei gani? Muulize pia juu ya siri. Kisiwani sote ni ndugu, na muuguzi anaweza kuwa binamu ya bwana yako. Kama moyo haujatulia, omba mwingine. Hilo si tusi.

Na anayesema Kihavu tu aende na mtu wa kumtafsiria, ila asiwe mtoto wake. Kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mtoto aliyemzaa.